Asiya na Makala Isiyofunguka

Asiya Massoudi alipata habari njema akiwa kwenye foleni ya maji, pale Buyenzi, mtaa alikozaliwa na ambako mpaka leo anaishi na baba yake. Simu ilitetemeka, akaitazama, akaona ujumbe wa lile jarida la Ulaya lililokuwa limemzungusha na masahihisho mpaka akaanza kuliota usingizini. Makala yake ilikuwa imetoka. Alimwomba jirani amwangalizie dumu, akavuka barabara mbiombio hadi gereji ya baba yake, mtandio ukimponyoka begani.

Mzee Massoudi alikuwa chini ya Toyota, inaonekana miguu tu.

"Baba, imetoka!"

"Nini imetoka?"

"Ile kazi yangu ya kipindupindu na redio. Iko mu internet. Dunia nzima itaiona."

Mzee akajivuta nje, akafuta mikono kwa kitambaa, akavaa miwani. Hakukaa sana shuleni, lakini Kifaransa cha magazeti anakijua, na katika mtaa mzima hakuna mtu anayegombana na redio kama yeye. "Fungua tuone."

Asiya akafungua. Jina la makala likatokea, chini yake jina la Profesa Gélase wa chuoni kwake, kisha la kwake. Mzee alilisoma jina lake mwenyewe kwenye jina la binti yake, kwa sauti, akatabasamu. Asiya akagusa mahali pa kusomea. Ukurasa ukageuka ukawataka waweke kadi ya benki. Akarudi nyuma, akajaribu tena. Akajaribu kwa anwani ya chuo. Ukurasa ukamjibu kwa adabu zote kwamba chuo chake hakimo miongoni mwa waliojiandikisha.

"Inakataa," akasema.

"Inakataa nani?"

"Inatukataa sisi, baba. Mpaka tulipe."

"Na we ndiye uliandika?"

"Ni mi."

Mzee akavua miwani. "Sasa uliandikia nani?"

Asiya akazima simu. Alirudi kwenye foleni akakuta dumu lake limesukumwa nyuma kabisa.

Kazi yenyewe ilikuwa imeanza mwaka ule ziwa lilipofurika, maji yakaingia majumbani na kipindupindu kikafuata nyuma yake. Wakati huo Asiya alikuwa msaidizi mpya katika idara ya mawasiliano ya chuo kimoja mjini, ana shahada ambayo wino wake haujakauka na viatu vilivyokwisha visigino. Profesa Gélase alimpa swali moja zuri: redio inawaambia watu watie dawa kwenye maji ya kunywa, kwa nini wengine wanatia na wengine wanaitupa? Profesa alibaki na swali, Asiya akatoka na miguu. Alizunguka mtaa wa Cibitoke, kwenye karakana na vibanda vya biashara, akazunguka Kanyosha mlango hadi mlango, akiuliza: ugonjwa ukiingia, unamwamini nani? Redio, padri, imamu, muuguzi, au kundi la simu?

Watu walimpa wakati wao, na wakati huo haukuwa mwepesi. Huko Kanyosha alimkuta Spès, ambaye wote wanamwita mama Eddy, muuza mboga za lengalenga sokoni, nyumba yake bado ina tope ukutani. Spès alimfutia kiti kilichobaki kizima, yeye mwenyewe akachuchumaa, akajibu kila swali bila kuharakisha. Mwishoni akauliza la kwake.

"Na yale tumesema, tutakuja kuyasikia?"

"Nitarudi mi mwenyewe nikuambie, mama Eddy."

Hakuna aliyemtuma aseme hivyo. Ila aliona haya kubeba maneno ya watu kwenye begi na kuondoka kama aliyekuja kuokota kuni. Akaisema ile ahadi hapo, na kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, mpaka ikawa ndiyo namna yake ya kuaga.

Na walichokisema kilikuwa kizito. Profesa alitarajia kwamba wanaotupa dawa ni wale wasiosikia redio. Haikuwa hivyo. Walikuwa wameisikia vizuri, pengine kuliko wengine. Kilichowachosha ni kwamba asubuhi redio ilisema hili, mchana mtu wa afya akapita akasema lile, jioni kiongozi akasema jingine, wala hakuna hata mmoja aliyekiri kwamba neno limebadilika. Na wale waliobaki na redio walikumbuka kitu kidogo sana: siku moja mtangazaji alisema, "Hili bado hatulijui, tutauliza, kesho tutawaambia," na kesho yake akawaambia. Hicho tu. Asiya alipoiona picha hiyo ikijitokeza kwenye majibu, alisimama ofisini peke yake akapiga kofi moja mezani. Alidhani kila mtu katika mji huu anapaswa kujua jambo hili, kuanzia mtangazaji mpaka muuguzi wa zahanati ya mwisho.

Sasa lilikuwa limefungiwa Ulaya.

Asubuhi iliyofuata siku ile ya foleni, Asiya alikwenda kwa Profesa Gélase. Profesa si mtu mbaya. Alimsomesha Asiya, alimpigania apate kazi, na siku mama yake Asiya alipozikwa alikuja Buyenzi, akavua viatu, akakaa mkekani na wanaume wengine. Lakini anapenda mambo yaende polepole.

"Prof, makala yetu haifunguki."

"Inafunguka kwa wanaohusika," akasema. "Iko kwenye revue nzuri, jarida linaloheshimika. Itahesabika kwenye dosia yako ya kazi. Furahi kwanza, Asiya."

"Wanaohusika ni watu wa Kanyosha."

"Watu wa Kanyosha hawasomi makala za kisayansi."

"Watasoma namna gani wakati mi mwenyewe ninakataliwa?"

Profesa akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Utafiti si tangazo la sabuni. Ukiutoa mitaani hivi hivi, watachukua neno moja na kukimbia nalo, hayo mengine watayaacha barabarani. Halafu utakimbia nyuma yao usiwapate."

Asiya alitoka amenuna. Wiki nzima alisoma masharti ya lile jarida, yale maandishi madogo ambayo mtu huyapita tu akabonyeza kukubali. Humo akakuta kwamba mwandishi anaruhusiwa kuweka hadharani nakala yake mwenyewe, ile ya kabla haijapangwa na jarida. Alipomwambia Profesa, naye akainua mabega: "Fanya. Ila usiniingize."

Akaiweka kwenye tovuti ya bure. Akatuma kiungo kwa wenzake, kwa waandishi wa habari, kwa watu wa mashirika. Akangoja. Kila siku aliangalia ni wangapi wameifungua, na kila siku aliona kwamba ni yeye. Haikuwa imefungwa tena, lakini ilikuwa bado kwa Kifaransa cha kuvunja meno, na majedwali juu yake. Ndipo alipoelewa kwamba kufungua mlango hakutoshi kama ndani ya nyumba hakuna mahali pa kukaa.

Akaanza kuiandika upya kwa Kiswahili, kile kinachosemwa mjini, si kile cha vitabuni. Neno la kwanza tu likamshinda. Lile neno la Kifaransa la kuwa na imani na vyombo vya habari, aliseme vipi? Alimuuliza baba yake wakila.

"Kuamini ni kwa Mwenyezi Mungu," mzee akasema. "Redio unaisikiliza."

"Lakini baba, kuna redio unaisikiliza na kuifuata, na kuna ile unaisikiliza na kuitukana."

"Zote ni ile moja. Inategemea amesema nini."

Asiya alicheka mpaka ugali ukampalia. Mwishowe akaandika tu: "Tuliwauliza watu neno la nani wanalifuata." Kazi yote ikaingia kwenye kurasa chache ambazo mtu angeweza kuzisoma huku maharage yanachemka.

Kilichobaki ilikuwa kwenda Kanyosha kuwasomea, kwa sababu kipindupindu kilikuwa kimeanza tena kunong'onwa. Hapo ndipo uchungu wake ulipoanza hasa. Mkuu wa mtaa alimpokea vizuri, akasema hana neno, ila alete karatasi ya ruhusa kutoka komini, ofisi iliyo juu ya mtaa. Komini wakasema mambo ya magonjwa si yao, apande juu. Akapanda mpaka ofisi moja ya afya huko Kigobe, akakaa kwenye benchi hadi watu wakaenda kula na kurudi, akaingizwa kwa bwana mmoja mwenye shati safi na subira nyingi.

"Ni jambo zuri sana, dada," bwana akasema. "Ila kwanza tunahitaji kuisoma makala ilivyochapishwa."

"Ilivyochapishwa haifunguki bila kulipa. Nimekuleteeni nakala yangu, maneno ni yale yale."

Bwana akaigeuza huku na huku. "Hii haina alama ya jarida."

"Kwa sababu yenye alama imefungwa."

"Basi utatuletea ikifunguka," akasema kwa upole.

Asiya aliteremka kutoka Kigobe kwa miguu, jua la mchana limekaa utosini, akijisemea peke yake barabarani. Aliwahi kusoma katika kitabu kwamba elimu ni mali ya wanadamu wote. Alitamani amwoneshe mwandishi wa kitabu hicho lile benchi.

Aliyemtoa kwenye tope ni Ingrid, muuguzi wa zahanati moja ya Kanyosha, mwanamke wa maneno machache aliyefahamiana naye tangu wakati wa utafiti. "Unatafuta karatasi ya nini?" Ingrid akamuuliza kwenye simu. "Kila wiki akina mama wanakuja kupimisha watoto, na mi ninawapa mafunzo ya afya. Njoo. Wewe ndiye utakuwa mafunzo."

Akaenda. Ua wa zahanati ulikuwa umejaa akina mama na vichanga, wengine wamekaa kwenye matofali, na mvua ilikuwa inatishia. Asiya alisimama mbele yao na kurasa zake, Ingrid kando akiongeza Kirundi pale Kiswahili kilipowaacha baadhi yao. Mwanzoni walimtazama kama wanavyomtazama kila mtu anayetoka chuo. Kisha akaacha kusoma, akaanza kusimulia. Akawaigiza watu aliowahoji, sauti zao na mikono yao, na mtu mmoja nyuma akainua simu kurekodi. Akamwigiza mwanamke mmoja wa wakati ule, akajishika kiuno: "Redio inatudanganya! Ile dawa ya maji inakausha tumbo la uzazi!" Ua mzima ukaangua kicheko, maana kila mtu alimjua mtu wa namna hiyo. "Sasa," Asiya akaendelea, "ile haikuwa kweli. Dawa ya maji haikaushi tumbo la mutu. Lakini mutuulize kwa nini aliamini." Akaeleza yote: maneno matatu ya siku moja, na yule mtangazaji aliyesema hajui.

Waliuliza maswali mpaka mvua ikawafukuza. Asiya alirudi Buyenzi amelowa hadi mfupani, amefurahi kuliko siku ile ya foleni. Ila hiyo furaha haikudumu.

Siku chache baadaye alipokea sauti kwenye simu kutoka kwa shangazi yake Fatouma, mjane anayeuza vitambaa Cibitoke. Juu yake yalikuwa maneno yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana: "Mwalimu wa université amefichua siri. Sambaza kabla hawajaifuta." Asiya akabonyeza. Akasikia sauti ya mwanamke, kali na yenye hakika: "Redio inatudanganya! Ile dawa ya maji inakausha tumbo la uzazi!" Basi. Kicheko cha ua kilikuwa kimekatwa, na kile kilichofuata kilikuwa kimekatwa.

Chini yake shangazi alikuwa ameongeza sauti yake mwenyewe: "Mwanangu Asiya, sikiliza huyu mwanamke aliyesoma. Mi nilijua tangu zamani. We acha kutia hiyo dawa, bado haujaolewa."

Akampigia pale pale. "Shangazi, huyo ni mi!"

"Huyo nani?"

"Huyo anayesema! Ni sauti yangu!"

"Apana, huyo ana sauti ya kugomba. We uko na sauti ya taratibu."

"Nilikuwa ninamwigiza mutu, shangazi! Wamekata! Baadaye nilisema si kweli!"

"Kama si kweli," shangazi akasema, "mbona ulisema?"

Asiya akaketi kitandani, simu mkononi. Maelezo yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi, yalikuwa marefu kuliko ile sauti. Aliandika kwenye kila kundi alilokuwemo kwamba sauti imekatwa, akatuma kurasa zake nzima. Watu wawili watatu wakaweka alama ya kidole gumba. Ile sauti ikaendelea kuzunguka, ikarudi kwake kutoka kwa mwanafunzi wake, ikarudi kutoka kwa fundi wa baba yake, ikarudi kutoka kwa mtu wa Gitega ambaye Asiya hakujua aliipataje namba yake.

Profesa Gélase alimwita. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nilikuambia watachukua neno moja."

"Ulinikataza kuwapa, Prof. Hukuniambia namna ya kuwapa."

"Kwa sababu sijui," Profesa akasema, na kwa mara ya kwanza Asiya alimwona amechoka. "Wafadhili wa mradi wetu mpya wamesikia. Wanauliza. Nimeona ni vizuri jina lako likae pembeni kwanza."

"Pembeni mpaka lini?"

"Kwanza."

Alitoka hata hakufunga mlango. Lakini habari mbaya kabisa ilitoka kwa Ingrid. Akina mama walikuwa wanarudisha vidonge vya dawa ya maji zahanatini, wengine walikuwa wanavitupa njiani, na kwenye hema za kipindupindu wagonjwa walikuwa wameanza kuongezeka. "Na kuna mumoja," Ingrid akasema, "lazima nikuambie. Joëlla, mtoto wa mama Eddy. Ameingia jana."

Spès hakuwa amekuja siku ile ya kupima watoto, alikuwa sokoni. Asiya alikwenda hemani, akanawa mikono, akakanyaga maji ya klorini mlangoni kama walivyomwelekeza. Alimkuta Spès ameketi kando ya kitanda chenye tundu katikati na ndoo chini yake, kikombe cha maji ya chumvi na sukari mkononi, akimnywesha binti yake kijiko kwa kijiko. Joëlla ni msichana wa shule ya msingi, mwembamba, macho yamezama. Sindano ya seramu, yaani dripu, ilikuwa mkononi mwake.

"Amahoro, mama Eddy."

"Amahoro." Spès hakugeuka. "Umerudi."

"Nimerudi."

"Nilikusikia. Jirani alinipigishia ile sauti. Wengine walibisha, wakasema si mwalimu, ni mutu tu. Mi nikasema, apana, huyo ninamjua. Huyo ni Asiya, alikaa kwangu, alisema atarudi kuniambia. Basi nikamwaga vidonge kwenye mtaro."

Asiya alitamani atukanwe. Miaka yote ile alikuwa ameuliza watu neno la nani wanalifuata, na huyu hapa alikuwa amefuata neno lake. Alieleza, maneno yakigongana mdomoni, kwamba waliikata, kwamba aliigiza tu, kwamba mbele kidogo alisema kinyume.

"Sawa," Spès akasema. "Lakini hilo la mbele halikunifikia."

Joëlla alikuwa amewahishwa, na hilo ndilo lililomwokoa. Kesho yake macho yalirudi, kesho kutwa aliomba viazi. Asiya alikuwa akipita kila siku kabla ya kazi, akileta sabuni na matunda, Spès akipokea bila neno jingi. Hakumfukuza, wala hakumwambia kwamba yamekwisha.

Kutoka hemani siku ile ya kwanza, Asiya alikwenda moja kwa moja kwenye redio moja ya mjini ambayo watu wengi huifuata. Aliyempokea ni Moubarak, mtangazaji wa vipindi vya Kiswahili, ambaye kurasa alizotuma Asiya kwenye makundi zilikuwa zimemchoma kwa sababu mmoja wa wale waliosema hili asubuhi na hawakukiri kwamba neno limebadilika alikuwa yeye.

"We uliandika tunachanganya watu," Moubarak akasema. "Sasa umechanganya watu, unakuja kwetu."

"Ndiyo."

"Na mkurugenzi anaogopa. Anasema tukigusa hiyo sauti, tutaitangaza zaidi."

"Ana haki. Tusiiguse. Sitaki ipigwe hata kidogo. Nataka niseme tu kilicho kweli, nikiwa na muuguzi. Dakika chache, popote mutakapoziweka."

Walimrudisha mara kadhaa. Mara mkurugenzi hayupo, mara kipindi kimejaa michezo, mara aandike kwanza atakachosema. Asiya aliketi kwenye kochi lao la mapokezi akajifunza majina ya wafagizi. Mwishowe Moubarak mwenyewe akachoka kumwona, akamwingiza asubuhi moja baada ya matangazo ya vifo, Ingrid pembeni yake bado na sare ya kazi.

Safari hii hakuigiza mtu. Alianza na lile la kweli: dawa ya maji haidhuru uzazi, inazuia kipindupindu. Ingrid akasema vidonge vingapi vinatiwa kwenye dumu na mtu angoje kiasi gani kabla ya kunywa. Kisha Asiya akasema jina lake, akasema sauti inayozunguka ni yake na imekatwa, na kwamba kosa la kuigiza uongo kwa sauti nzuri kuliko ukweli ni la kwake. Moubarak akauliza kama utafiti wake unaonyesha namna ya kuzuia mambo haya. "Apana," Asiya akajibu. "Hilo hatukulipima. Sijui."

Moubarak alimtazama, halafu akapokea simu za wasikilizaji. Wa kwanza alikuwa Népomuscène, seremala wa Cibitoke, aliyekuwa miongoni mwa waliohojiwa.

"Mulikuja mukatuuliza," akasema, sauti imepanda. "Tukaacha kazi tukawajibu. Mukaenda. Leo ndiyo ninasikia kuna majibu, na ninayasikia kwa sababu mumepatwa na shida. Kama mungetuambia tangu zamani, si tungejua hiyo sauti ni ya uongo?"

Asiya aliwaza foleni, kadi ya benki, benchi ya Kigobe, Profesa na mabega yake. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu.

"Uko na haki, kaka," akasema. "Ilituchukua muda mrefu mno."

Simu zikaendelea mpaka taarifa ya habari ikawakata.

Je, mambo yalitengemaa? Si sana. Ingrid anasema baadhi ya akina mama walirudi kuchukua vidonge, wengine walirudi nusu nusu, wanavichukua na kuviweka juu ya kabati. Ile sauti bado inazunguka. Mwezi uliopita ilionekana ikiwa na picha ya mzungu aliyevaa koti jeupe. Jina la Asiya bado liko pembeni ya mradi mpya, ingawa Profesa alimpa mwanafunzi mmoja zile kurasa za Kiswahili na kumwambia aende akaone kama zinasomeka, na Asiya hakujua kama hilo ni samahani au ni kazi ya bure. Redio ilimwita tena mara moja, kisha ikamsahau.

Ila amebadilisha namna. Sasa anayagawa yale aliyoandika katika sauti fupi fupi anazorekodi kwenye simu, na kila moja anaisikiliza kwa masikio ya mtu mwenye nia mbaya: ikikatwa hapa, itasema nini? Ikikatwa pale? Kama kuna kipande kinachoweza kusimama peke yake na kudanganya, anafuta na kuanza upya. Ni kazi ya kuchosha, hailipwi, wala haitahesabika kwenye dosia yoyote. Baba yake anamsikiliza kutoka chini ya magari na kupaza sauti: "Hapo! Hapo watakukata!"

Jumamosi iliyopita alikwenda Kanyosha, nyumbani kwa Spès, akakuta Joëlla anachambua lengalenga mlangoni. Spès alimtazama kwa muda, kisha akatoa kiti nje.

"Ile kazi yenyewe," akasema. "Yote. Uliahidi."

Asiya akatoa kurasa, akaanza kusoma tangu mwanzo. Hawakufika mbali. Kila baada ya mistari michache Spès alimsimamisha, akabisha, akamwita jirani aje abishe naye, jirani akasema yeye hakuwahi kusema hivyo, mwingine akasema alisema yeye. Mtu mmoja akatoa simu akaanza kurekodi. Asiya akasita.

"We soma," Spès akamwambia, kisha akamgeukia mwenye simu. "Na we, ukianza, urekodi mpaka mwisho."